Nyumba inalipa, mwenye nyumba anakataliwa

Barua ya wazi

Kwa Wakurugenzi Wakuu wa benki za biashara nchini Kenya,
Kupitia Chama cha Mabenki Kenya, Nairobi.

Nakala: Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, wasimamizi wa mashirika ya marejeo ya mikopo.

Mabibi na mabwana,

Nawaandikia kutoka Ukunda, kwa heshima inayostahili vyeo vyenu, na kwa hasira ambayo sitajaribu kuificha. Kazi yangu ni kuwaandalia hesabu wenye nyumba ndogo za wageni kutoka Tiwi hadi Msambweni. Ni watu wenye vyumba viwili au vitatu vya kupangisha kwa usiku, wengi wao kwenye viwanja vya nyuma, ambako bahari husikika lakini haionekani. Mimi ndiye ninayewajazia fomu zenu za mikopo, ninayepanga risiti na taarifa za M-Pesa, na ninayeketi nao kwenye matawi yenu kusubiri jibu. Jibu tumelizoea. Afisa huandika nambari ya kitambulisho, hutazama kioo cha kompyuta, kisha sauti hubadilika: "Mama, uko CRB," yaani una doa kwenye kumbukumbu za mashirika ya marejeo ya mikopo. Faili ya hesabu huwa hata haijafunguliwa.

Nina neno moja tu la kuwaambia, ingawa nitalipitia kwa njia kadhaa. Mnampima mtu kwa deni lake la zamani, kisha mnakataa kuipima nyumba yenyewe, ambayo mapato yake ndiyo yatakayolipa deni jipya. Na mnafanya hivyo baada ya kupewa na sheria karibu kila kitu mlichosema mnakihitaji ili muweze kutukopesha.

1. Mliomba ruhusa ya kutoza kulingana na hatari, mkapewa

Septemba 2016 riba za mikopo zilifungwa kisheria zisipite pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mlilalamika sana, na kusema kweli hoja yenu ilikuwa na uzito. Mlisema mkopaji mwenye historia yenye doa hawezi kutozwa sawa na kampuni kubwa, na kwamba mkizuiwa kumtoza zaidi mtalazimika kumnyima kabisa. Wafanyabiashara wadogo waliumia miaka ile. Novemba 2019 kifungo kikaondolewa. Agosti 2025 Benki Kuu ikatangaza utaratibu mwingine tena: riba ya mikopo inayopanda na kushuka ianzie kwenye KESONIA, yaani wastani wa riba mnazotozana ninyi kwa ninyi mkikopeshana kwa usiku mmoja, kisha kila benki iongeze sehemu yake. Ndani ya sehemu hiyo imo hatari ya mkopaji mwenyewe.

Kwa hiyo doa letu limetengewa mahali pa kuandikwa, na bei yake. Mbona haliandikwi? Sijapata kumsikia afisa wa tawi akimwambia mteja wangu, "Historia yako ina kasoro, basi riba yako itakuwa pointi hizi zaidi, na ukilipa vizuri miaka miwili tutazishusha." Yupo mama mmoja wa Mwabungo aliyetaka kumalizia nyumba ya pili nyuma ya ile anayopangisha. Ukuta umefika kwenye linta, mabati yako chini ya turubai. Alikuwa tayari kulipa zaidi ya wengine, na alilisema hilo waziwazi mbele yangu. Benki aliyoiendea, ambayo sitaitaja, haikumtajia bei yoyote. Ilimwambia aende akasafishe jina, kana kwamba jina la mtu husafishwa kwa sabuni. Mlidai uhuru wa kupanga bei, lakini huku chini mnachokifanya ni kufunga mlango, vilevile kama mlivyofanya wakati wa kifungo.

2. Watu hawakufika CRB kwa njia moja

Hili linanichoma zaidi kwa sababu nililiona likitokea. Tarehe 25 Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Wiki mbili baadaye kaunti za Kwale, Kilifi na Mombasa zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke, Kwale na Kilifi hadi Juni, Mombasa hadi Julai. Nyumba za wageni za pwani nzima zilibaki na mijusi. Mwenye nyumba hakukosea hesabu, wala hakukunywa pesa za mkopo. Serikali ilifunga barabara, na pengine ilikuwa na haki ya kuifunga, lakini mlinzi bado alitaka mshahara na friji bado ilikula umeme. Watu wakaingia kwenye mikopo ya simu, mmoja wa kulipia mwingine, kwa sababu ndiyo iliyotoka usiku huohuo bila maswali.

Najua mtasema kulikuwa na nafuu. Ilikuwapo. Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya kwa wale waliokuwa wakilipa vizuri hadi Machi 2 mwaka ule, na ikasimamisha kwa miezi sita kuwaandika CRB wale ambao mikopo yao iliharibika kuanzia Aprili. Lakini wageni hawakurudi Diani kwa kufuata kalenda ya nafuu. Muda ulipokwisha, vyumba vilikuwa bado vitupu, na majina yakaanza kupelekwa.

Sasa tazameni takwimu ambazo Benki Kuu yenyewe ilizitoa Novemba 2022, ilipoanzisha mpango wa kurekebisha mikopo ya simu na kuwataka wakopeshaji wasamehe angalau nusu ya madeni hayo. Waliokuwa wameandikwa vibaya kwa mikopo ya simu walizidi milioni 4.2. Pesa zote walizodaiwa zilikuwa karibu shilingi bilioni 30, nazo ni sawa na asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya benki zenu. Someni tena hapo. Zaidi ya watu milioni nne walitiwa alama kwa sababu ya pesa ambazo kwenye vitabu vyenu hazifiki hata shilingi moja katika kila mia. Deni la kuanzia shilingi 1,000 linatosha kumfikisha mtu huko, na taarifa mbaya huendelea kukaa miaka mitano hata baada ya kulilipa.

Rais mwenyewe, siku alipoapishwa Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, alisema mtindo huu wa yote au hakuna ubadilishwe, uje mfumo wa alama ambazo mkopaji anaweza kuzipandisha kwa mwenendo wake. Alama zipo siku hizi, hilo sikatai. Kwenye ripoti za CRB kuna nambari nzuri tu za tarakimu tatu. Ila kwenye kaunta, nambari hiyo bado inasomwa kwa macho yaleyale ya zamani: ndiyo, au hapana.

3. Aprili, Mei na Juni ni siku 91

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo.

Tuchukue mfano wa kawaida. Nyumba ya vyumba viwili, safu ya pili au ya tatu kutoka ufukweni, inayopangishwa shilingi 6,000 kwa usiku. Miezi minane ya mwaka, yaani Julai hadi Oktoba na Desemba hadi Machi, tuseme inapata wageni wa usiku 15 kwa mwezi, sawa na shilingi 90,000. Miezi minne iliyobaki, Aprili, Mei, Juni na Novemba, inapata usiku tano tano, yaani 30,000. Kwa mwaka ni shilingi 840,000. Ondoeni asilimia 35 ya umeme, maji, usafi, mlinzi, leseni za kaunti, kamisheni ya mitandao ya kuwekea nafasi, na rangi ambayo hewa ya chumvi huila kila mwaka. Zinabaki 546,000.

Mwenye nyumba hiyo anaomba shilingi milioni 1.5 za kujenga nyingine kama hiyo, alipe kwa miaka mitano. Kwa riba ya asilimia 16, rejesho ni takriban shilingi 36,500 kwa mwezi, au 438,000 kwa mwaka. Nyumba ya kwanza peke yake inalipa, na chenji inabaki, kabla hata ile mpya haijapokea mgeni. Mpandishieni kwa sababu ya doa lake, mfanye asilimia 20. Rejesho linakuwa kama 39,700. Tofauti ni shilingi 3,200 kwa mwezi, nusu na kidogo ya bei ya usiku mmoja. Kwa mwaka ni karibu 477,000. Bado inalipa.

Lakini ratiba yenu haisomi mwaka, inasoma mwezi. Mei ikifika, nyumba ileile ina shilingi 19,500 mkononi na inadaiwa rejesho lilelile la Desemba. Mkopo ukikaa siku 90 nyuma unahamishiwa kwenye mikopo chechefu, na jina linaelekea CRB. Aprili ina siku 30, Mei 31, Juni 30. Ukija mwaka wa mvua kama ile ya 2024, barabara zikakatika na wageni wakafuta safari, msimu mmoja wa masika unatosha kabisa kumgeuza mlipaji mzuri kuwa mkopaji mbaya. Kisha Julai wageni wanarudi na pesa zinaingia, lakini jina limeshaandikwa.

Mvuvi wa Gazi hadaiwi samaki siku ambazo kusi limechafua bahari. Anayemnunulia anajua, na husubiri. Nanyi si kwamba hamjui kusubiri, kwa sababu mikopo ya kilimo hupangwa kufuata mavuno. Utalii wa pwani una misimu inayojulikana kuliko mvua ya mahindi. Kwa mfano wangu, mwenye nyumba akilipa 54,000 katika miezi minane mizuri na 12,000 katika minne mibaya, mwaka unafikia 480,000, nanyi mmepata haki yenu ya asilimia 20. Sehemu kubwa ya madoa ninayoyaona kwenye ripoti za wateja wangu yasingekuwapo kama ratiba ingepangwa na mtu aliyewahi kufika Diani mwezi wa Mei.

Mtanijibu kwamba mikopo chechefu ilikuwa zaidi ya asilimia 16 ya mikopo yote mwishoni mwa 2024, na kwamba huu si wakati wa kulegeza masharti. Nimelifikiria hilo. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni mikopo mikubwa: viwanda, maghorofa, wakandarasi wanaodai serikali. Mama wa Mwabungo hakuwafikisha hapo, na kumfungia yeye hakutawatoa.

4. Dhamana

Mnataka hati miliki. Pwani hii, hati ni kidonda cha vizazi, na ninyi mnalijua hilo vizuri kuliko mimi kwa sababu hati nyingi za mbele ya bahari ziko kwenye kabati zenu. Kuna shamba la urithi ambalo bado liko kwa jina la babu. Kuna Mombasa, ambako mtu anamiliki nyumba aliyoijenga kwa jasho lake na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Nyumba hizo zinapangishwa, zinaingiza pesa, zinarithishwa, zinauzwa. Kwenu hazihesabiwi kitu.

Tangu 2017 tunayo sheria ya dhamana za mali zinazohamishika. Inamruhusu mkopaji kuweka rehani vifaa, gari, hata pesa atakazolipwa baadaye, na vyote vikaandikwa kwenye sajili ya taifa. Mapato ya nyumba ya wageni yanapitia kwenye till ya M-Pesa na kwenye akaunti zenu wenyewe. Nafasi za Desemba huwekwa tangu Septemba, na malipo yanayosubiriwa yanaonekana. Pamoja na paneli za sola, jenereta na samani, hiyo ni dhamana inayoeleweka kwa mkopo wa milioni moja na nusu. Lakini ukiwatajia maafisa wa matawi sheria hiyo, wengi hukutazama kama umetaja sheria ya nchi nyingine.

5. Semeni sababu

Mtu akikataliwa apewe karatasi: deni lipi, la nani, la lini, kiasi gani, shirika gani la marejeo. Kanuni zinawataka wakopeshaji wamjulishe mkopaji kabla ya kupeleka taarifa mbaya, na zinampa haki ya ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Wateja wangu wengi hulijua jambo hili siku wanapokuja kwangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inampa mtu haki ya kuomba uamuzi uliotolewa na mashine peke yake utazamwe upya na binadamu. Na karatasi hiyo iandikwe Kiswahili. Msinijibu kwamba fomu ni za kimataifa. Matangazo yenu ya mikopo yaliyobandikwa Ukunda ni ya Kiswahili fasaha.

6. Kwa benki zinazofuata sharia

Ninyi nawauliza kando, kwa sababu kwenu hoja ya riba haipo. Musharaka inayopungua, ambapo benki na mteja wanamiliki nyumba pamoja na mteja akainunua sehemu ya benki kidogo kidogo, imetengenezwa hasa kwa nyumba inayoingiza kodi. Mngegawana nasi mapato ya Agosti na ukame wa Mei. Badala yake mnaanza na kioo kilekile cha CRB kama wenzenu, na mnataka malipo yaleyale kila mwezi. Wateja wenu wa Kwale na Lamu walitarajia zaidi.

7. Ni nani anayenunua mkikataa?

Mkopo wa nyumba nchini mwetu ni jambo la wachache mno. Akaunti zote za mikopo ya nyumba nchini zilikuwa takriban 30,000 mwaka 2023, katika taifa lililohesabiwa watu milioni 47.6 mwaka 2019. Kampuni ya kufadhili mikopo hiyo kwa riba nafuu, ambayo serikali ina hisa ndani yake, inahusu nyumba ya kuishi, si ya kupangisha wageni, na sina ugomvi na hilo. Anayetaka kujenga nyumba ya wageni huku kwetu ana njia tatu: pesa taslimu, SACCO kama akiba yake inatosha, au mkopeshaji wa mtaani ambaye riba yake siandiki hapa kwa kuwaonea aibu wasomaji.

Wenye pesa taslimu ni wageni wa eneo hili. Wengine wanatoka Nairobi, wengine Ulaya kwa hati za miaka 99. Siwalaumu, wamekuja kwa halali na baadhi yao ni wateja wangu. Reli ya 2017 na barabara ya Dongo Kundu, inayomfikisha mtu pwani ya kusini bila foleni ya feri ya Likoni, zimeongeza wageni, na vyumba vitajengwa tu. Swali ni vya nani. Viwanja vya mbele viliondoka zamani. Sasa vinaondoka vya nyuma, na namna vinavyoondoka naiona kwenye hesabu zangu: mtu ana nyumba moja inayolipa, anataka ya pili, anakataliwa kwa ajili ya deni la simu la 2020, anauza nusu ya kiwanja ili ajenge kwenye nusu nyingine, pesa zinaishia kwenye msingi, na nusu ya pili inauzwa pia. Baada ya hapo huajiriwa kufua mashuka katika nyumba iliyojengwa palepale.

Ninachowaomba, basi, ni hiki.

Kwanza, ninyi wakurugenzi muwaandikie matawi yenu yote ya pwani kwamba taarifa mbaya ya CRB pekee haitakuwa sababu ya kumkataa mkopaji wa biashara anayeleta hesabu za miezi 24 za nyumba inayopokea wageni. Afisa afungue faili, aisome, na kama hatari ni kubwa ataje bei yake kwa maandishi.

Ratiba za marejesho zifuate misimu, na siku 90 zihesabiwe dhidi ya ratiba hiyo ya misimu. Hapa Benki Kuu itahitajika kutoa mwongozo, na ndiyo maana Gavana amepata nakala.

Mashirika ya marejeo yatenganishe kwa macho deni la simu la shilingi elfu chache na mkopo mkubwa uliotelekezwa, na deni lililoharibika kati ya Aprili 2020 na mwisho wa 2021 liwekewe alama ya kipindi hicho. Mkopeshaji akiliona ajue anatazama nini.

Na kama haya yote yanaonekana makubwa mno kwa mara moja, anzeni na Kwale. Benki mbili au tatu zichague wenye nyumba mia moja wenye madoa, wote wakiwa na leseni na hesabu zilizokaguliwa, ziwakopeshe kwa riba ya juu na ratiba ya misimu kwa miaka mitatu, kisha zichapishe matokeo yote, pamoja na majina ya vijiji ambako watu hawakulipa. Nitawaandalia hesabu hizo bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Ningependa kupata jibu lenu kabla ya Septemba, kwa sababu fundi anayetakiwa kuezeka kabla ya wageni wa Desemba lazima alipwe kufikia wakati huo.

Wenu mtiifu,

Mwandalizi wa hesabu za nyumba za wageni,
Ukunda, Kaunti ya Kwale.